Uvimbe uliofanana na kovu: kisa cha melanoma iliyokana rangi zake

Mgonjwa ni mwanamume wa miaka 68 mwenye kivimbe kigumu kwenye panja la kushoto. Kina upana wa sentimita moja na nusu, rangi yake ni ileile ya ngozi inayokizunguka, na kimekua polepole kwa mwaka mmoja na nusu. Hakiwashi wala hakitoi damu. Anachokilalamikia mwenyewe ni ganzi iliyoanza hivi karibuni upande huo wa uso. Ngozi ya kichwa na uso wake imechakazwa na jua la miaka mingi. Miezi minane iliyopita kivimbe kilikwanguliwa kwa wembe, kipande chembamba kikapelekwa maabara, na jibu likarudi: kovu, hakuna saratani.

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundishia, hakimhusu mtu yeyote halisi. Lakini hatua zake ndizo ambazo ugonjwa huu hupitia mara nyingi, pamoja na lile jibu la kwanza lililopotoka. Nimekichagua kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ninaloliamini kwa dhati: kiashiria cha tishu, yaani rangi ya maabara inayotafuta protini moja, hujibu swali kililoulizwa, basi. Swali likikosewa, jibu linaweza kuwa sahihi kabisa na mgonjwa akaangamia nalo.

Kipande cha pili

Daktari wa ngozi hakuridhika. Kovu haliendelei kukua kwa miezi na miezi, wala si kawaida yake kuleta ganzi. Alichukua kipande kingine, safari hii kwa kutoboa hadi kufikia mafuta yaliyo chini ya ngozi, na kwenye fomu akaandika umri, mahali, muda, matokeo ya kipimo cha kwanza, na ganzi. Fomu nyingi hufika maabara zikiwa na maneno mawili matatu tu, na mwanapatholojia, daktari anayechunguza tishu kwa hadubini, analazimika kusoma slaidi kama mtu anayesoma ukurasa mmoja uliong'olewa kitabuni. Neno "ganzi" peke yake lilitosha kumfanya atafute neva, na neva alizikuta.

Chini ya hadubini, kwa rangi za kawaida za hematoksilini na eosini, tabaka la ndani la ngozi lilikuwa limejaa seli ndefu zilizochongoka ncha zote mbili, zimetawanyika katikati ya nyuzi nene za kolajeni. Ukitazama haraka, ni kovu. Ukituliza jicho, mambo matatu yanakataa. Kwanza, baadhi ya viini vya seli hizo ni vikubwa, vyeusi, na havilingani. Pili, kuna mafungu ya limfosaiti, seli za kinga ya mwili, yamekaa hapa na pale, ndani na pembezoni mwa uvimbe, jambo ambalo kovu la kawaida halina. Tatu, seli hizo zimeizunguka neva moja ndogo na nyingine zimepenya ndani yake. Seli zinazogawanyika zilikuwa chache mno, na uchache huo haukumpa mwanapatholojia faraja yoyote, kwa kuwa aina hii ya uvimbe inajulikana kwa kujificha nyuma ya utulivu.

Kipande cha kwanza kilikuwa kimeishia juu sana. Wembe ulichukua ngozi ya juu pamoja na ukanda mwembamba wa nyuzi, na seli zenye kusema ukweli zilikuwa chini yake. Hakuna rangi ya maabara inayoweza kuonyesha kitu ambacho hakikukatwa.

Washukiwa

Uvimbe wa seli ndefu kwenye ngozi iliyoungua na jua ya mtu mzima una orodha ya washukiwa ambayo kila mwanapatholojia wa ngozi anaijua kwa moyo. Wa kwanza ni skwamasi kasinoma iliyobadili umbo, yaani saratani ya seli za ngozi ya juu ambazo zimejirefusha na kushuka ndani. Wa pili ni melanoma, saratani ya melanosaiti, yaani seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, hasa ile aina yake inayozungukwa na nyuzi nyingi, iitwayo melanoma ya desmoplasia, iliyoelezwa kwa mara ya kwanza na Conley, Lattes na Orr mwaka 1971. Wa tatu ni fibrozanthoma isiyo ya kawaida, uvimbe wa juu juu ambao kwa kawaida hupona ukikatwa wote. Wa nne ni sarkoma ya misuli laini. Nyuma yao wamesimama dermatofibrosarkoma, uvimbe wa neva uitwao neurofibroma, na kovu lenyewe.

Tofauti kati yao si ya majina. Fibrozanthoma hukatwa kwa ukingo wa wastani wa ngozi isiyo na ugonjwa na mgonjwa akaendelea na maisha yake. Melanoma nene huhitaji ukingo mpana, mjadala kuhusu tezi za limfu, picha za mwili, na ufuatiliaji wa miaka. Kwa macho na hematoksilini peke yake, hawa wawili wanaweza kufanana kiasi cha kumchanganya hata mtu aliyekaa kwenye hadubini maisha yake yote. Hapa ndipo viashiria vinapohitajika.

Njia yenyewe inaitwa imunohistokemia. Kingamwili iliyotengenezwa ili ishike protini moja tu humwagwa juu ya kipande cha tishu chenye unene wa maikromita 3 hadi 4. Ikiikuta protini hiyo inanata, na kimeng'enya kilichofungamanishwa nayo huzalisha rangi, mara nyingi kahawia, pale pale iliponata. Wazo lina umri mkubwa: Albert Coons na wenzake walibandika rangi ing'aayo kwenye kingamwili mwaka 1941. Lakini kilicholeta njia hii katika kazi za kila siku ni ugunduzi wa Georges Köhler na César Milstein mwaka 1975, walipopata namna ya kuzalisha kingamwili za aina moja tupu bila kikomo. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Awamu ya kwanza ya rangi

Maabara ilianza na viashiria sita: keratini ya jumla (protini ya seli za ngozi ya juu) kwa ajili ya skwamasi kasinoma, Melan-A, HMB-45 na S100 kwa ajili ya melanoma, desmini kwa misuli, na CD10, ambayo fibrozanthoma huionyesha karibu kila mara.

Majibu yalikuja hivi. Keratini: hasi. Desmini: hasi. Melan-A: hasi katika seli ndefu. HMB-45: hasi. CD10: chanya, tena kwa nguvu. S100: ukungu hafifu wa kahawia, wa kutilia shaka.

Ripoti mbaya hujiandika yenyewe hapa. Keratini imemwondoa skwamasi, desmini imeondoa misuli, viashiria viwili vya melanoma vimekataa, cha tatu ni kama kimekataa, na CD10 imenyoosha kidole kwa fibrozanthoma. Kila kitu kinapangana vizuri, na ni uongo mtupu.

Kosa la kwanza katika mpangilio huo ni kuipa CD10 uzito isioustahili. Fibrozanthoma huonyesha CD10, ni kweli, lakini huonyeshwa pia na melanoma za seli ndefu, na skwamasi kasinoma zilizobadili umbo, na hata dermatofibroma isiyo na madhara. Shahidi anayemtambua kila mshukiwa hana msaada. Fibrozanthoma hutambuliwa kwa kuwaondoa wengine wote kwanza, na ikiwa mmoja hajaondolewa sawasawa, jina hilo halipaswi kuandikwa.

Kosa la pili ni kudhani kwamba Melan-A na HMB-45 zinazungumza kwa niaba ya melanoma zote. Protini ambazo kingamwili hizi huzishika zimo katika mitambo ya kutengeneza rangi ya ngozi, zile punje zinazobeba melanini. Melanoma nyingi bado zina mitambo hiyo, hata zisipotoa rangi ya kuonekana kwa macho. Melanoma ya desmoplasia kwa kawaida imeiacha kazi hiyo. Seli zake zimechukua sura inayokaribia seli za kufunika neva, ndiyo maana huzifuata neva hizo kwa hamu, na ndiyo maana kivimbe cha mgonjwa wetu hakijawahi kuwa cheusi. Kumuuliza mshukiwa huyu kwa Melan-A na HMB-45 ni kumuuliza habari za kazi aliyoiacha zamani. Atakana, na atakuwa anasema kweli.

Neva iliyofifia

Ilibaki S100, na hapa kisa kiligeuka kwa sababu ya tabia moja ambayo napenda kuona kila mwanafunzi wa patholojia akiijenga hadi iwe desturi ya mkono: kabla ya kuuangalia uvimbe, angalia sehemu za kawaida za kipande hichohicho.

Kipande cha ngozi huja na mashahidi wake wa ndani. Neva ndogo za ngozi lazima ziwake, yaani zishike rangi, kwa S100. Melanosaiti za kawaida kwenye mstari wa chini wa ngozi ya juu lazima ziwake. Ngozi ya juu yenyewe lazima iwake kwa keratini, na kimsuli kinachosimamisha nywele lazima kiwake kwa desmini. Zikiwaka sawasawa na uvimbe usiwake, hasi hiyo ni hasi ya kweli. Zisipowaka, slaidi haijasema chochote, hata kama kipande cha majaribio kilichowekwa pembeni kimetoka vizuri, kwa sababu kipande hicho hakikupitia safari ambayo sampuli ya mgonjwa imepitia.

Kwenye slaidi hii, keratini ilikuwa sawa na desmini ilikuwa sawa. Lakini neva kwenye slaidi ya S100 zilikuwa zimefifia kama uvimbe wenyewe. Rangi haikuwa imeshika. Sababu za hali hiyo ni nyingi: sampuli iliyochelewa kuingizwa kwenye fomalini, au iliyokaa humo kupita kiasi, au iliyochemshwa kwa muda mfupi mno kabla ya kupakwa kingamwili. Fomalini huhifadhi tishu kwa kuzifunga protini zake, na kufungwa huko huificha sehemu ambayo kingamwili inapaswa kuishika. Kuichemsha slaidi katika myeyusho maalumu, kwa joto la karibu nyuzi 95 hadi 100, huzifungua tena. Muda, joto na asidi ya myeyusho vikikosewa, protini inabaki imefichwa na sisi tunaandika "hasi".

Kuandika "S100 dhaifu, haina maana" kungechukua nusu dakika. Mwanapatholojia alirudisha slaidi maabara, akaomba S100 irudiwe kwa kuchemshwa upya, na akaongeza viashiria vya SOX10, p40 na keratini za uzito mkubwa.

Awamu ya pili

Safari hii neva ziliwaka barabara. Na uvimbe ukawaka pamoja nazo: karibu kila seli ndefu ilikuwa na S100, kiini na mwili wa seli, kutoka juu hadi chini ya kipande. SOX10 ilitokea katika viini vilevile, safi na bila ukungu. p40 ilikuwa hasi na keratini za uzito mkubwa zilikuwa hasi. Hizi mbili zilihitajika kwa sababu skwamasi kasinoma iliyobadili umbo inaweza kupoteza keratini ya jumla na kubakiza hizo, hivyo kuiondoa kwa kiashiria kimoja si kuiondoa.

SOX10 inastahili maneno machache zaidi. Ni protini inayokaa ndani ya kiini na kusimamia utambulisho wa seli zitokanazo na ukingo wa neva wa kiinitete, zikiwemo melanosaiti na seli za kufunika neva. Seli ya melanoma inaweza kuacha kutengeneza rangi na kubadili umbo, na bado ikaishikilia. Kwa kuwa iko kwenye kiini, kuihesabu ni rahisi, na huchanganyikiwa kidogo zaidi na uchafu wa rangi. Lakini nayo si cheti cha saratani: tezi za jasho huionyesha, na neurofibroma huionyesha.

Kwa hiyo swali halikuwa limekwisha. S100 na SOX10 kwa pamoja zilikuwa zimesema "ukoo wa melanosaiti au wa neva". Neurofibroma bado ilikuwa mlangoni, na kovu pia, kwa sababu panja hili lilishawahi kukwanguliwa na kovu la kweli linaweza kuwa na seli chache zenye S100.

Kovu liliondolewa na wingi na mpangilio. Katika kovu, seli zenye S100 ni za hapa na pale, na SOX10 huwa katika viini vichache mno. Hapa zilikuwa ndizo uvimbe wenyewe, na zilishuka chini kuliko wembe ulivyowahi kufika. Neurofibroma iliondolewa na viini vyeusi visivyolingana, mafungu ya limfosaiti, na CD34 iliyoombwa mwishoni: neurofibroma huonyesha mtandao wa nyuzinyuzi za CD34 uliozunguka seli zake kama mistari ya alama ya kidole, na mtandao huo haukuwepo.

Shahidi mkubwa kuliko wote, hata hivyo, alikuwa kwenye slaidi iliyokwisha kuwekwa kando. Ile slaidi ya Melan-A, "hasi" katika uvimbe, ilikuwa na habari kwenye ngozi ya juu. Mstari wa chini ulikuwa umesongwa na melanosaiti zilizopangana bega kwa bega, baadhi zimepanda juu na nyingine zimeshuka kando ya vinyweleo. Ilikuwa melanoma changa ya juu juu, ile inayozaliwa kwenye ngozi iliyoungua na jua, imekaa moja kwa moja juu ya uvimbe. SOX10 ilithibitisha hesabu hiyo, na ilikuwa lazima ithibitishe, kwa kuwa Melan-A hujaza mikono ya seli pia na inaweza kufanya melanosaiti chache zionekane nyingi kwenye ngozi ya jua. Melanoma nyingi za desmoplasia zina mama wa namna hii juu yake, ingawa si zote. Aliyesoma neno "hasi" kwenye orodha ya matokeo bila kuitazama slaidi hakumwona.

Swali la PRAME

Daktari mmoja wa timu aliuliza kama PRAME isingemaliza ubishi. Ni swali la haki, maana kiashiria hiki kimependwa sana tangu utafiti wa Lezcano na wenzake wa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba melanoma nyingi za ngozi, zaidi ya asilimia 80 ya zile za awali, huwaka kwa PRAME kote, ilhali mabaka mengi yasiyo na madhara hayawaki kabisa. Lakini katika utafiti huohuo, ni asilimia 35 tu ya melanoma za desmoplasia zilizowaka. PRAME ilipakwa, na ikatoka hasi. Ingekuwa chanya ingesaidia. Kwa kuwa ilikuwa hasi, haikuondoa kitu, na ripoti ilisema hivyo kwa maneno yaliyo wazi ili msomaji wa baadaye asije akaitumia kuupinga utambuzi. Ki-67, inayopima kasi ya ukuaji, ilikuwa ya chini, na ilichukuliwa kwa tahadhari ileile.

Ripoti na kilichofuata

Ripoti haikuorodhesha chanya na hasi na kumwachia mpasuaji kuzijumlisha. Ilisema: melanoma vamizi ya aina ya desmoplasia, unene wa angalau milimita 4.2, bila kidonda juu yake, imepenya neva, imefika kwenye ukingo wa chini wa kipande. Juu yake kuna melanoma ya tabaka la juu. Kisha sentensi moja kuhusu viashiria vilivyounga mkono na vilivyowaondoa wengine, pamoja na maelezo kwamba S100 ilirudiwa kwa kuwa neva za kawaida hazikuwaka mara ya kwanza. Neno "angalau" lilikuwa la lazima, kwa kuwa uvimbe ulikatwa katikati na unene kamili haukuwa umejulikana.

Melanoma yenye unene unaozidi milimita 2 hukatwa kwa ukingo wa sentimita 2 pale mahali panaporuhusu, na panja ni mahali pagumu, karibu na jicho na karibu na tawi la neva ya uso. Mpasuaji alikata alivyoweza na kuacha jeraha wazi chini ya bandeji hadi majibu ya ukingo yarudi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Melanoma hii hutambaa kama uzi kati ya nyuzi za kawaida, na katika eneo lililokwisha kukatwa kabla, seli zake zinachanganyika na kovu jipya kiasi kwamba ukingo unaoonekana safi kwa hematoksilini unaweza kuwa si safi.

Ukingo ulipakwa SOX10. Pande tatu zilikuwa safi. Upande wa nyuma, kando ya neva moja, vilionekana viini vichache vilivyowaka mahali ambapo rangi za kawaida zilionyesha nyuzi tu. Hapo busara ilihitajika tena, kwa kuwa neva yenyewe ina SOX10: viini vilivyo ndani ya neva kwa mpangilio wake wa kawaida havihesabiwi. Hivi vilikuwa nje ya ala yake, vyeusi na vikubwa. Upande huo ulikatwa zaidi, na kipande cha nyongeza kilikuwa safi.

Uvimbe wote ulipopimwa, unene ulikuwa milimita 5.1, na zaidi ya asilimia 90 ya sehemu vamizi ilikuwa ya desmoplasia, hivyo uliandikwa kuwa wa aina halisi na si mchanganyiko. Hilo lilibadili mazungumzo kuhusu tezi ya limfu ya kwanza, ile ambayo seli za uvimbe zingeifikia kabla ya nyingine, kwani aina halisi hupeleka seli kwenye tezi mara chache kuliko melanoma nyingine zenye unene huo. Jopo la madaktari lilimweleza mgonjwa pande zote mbili, naye akachagua tezi zifuatiliwe kwa altrasaundi badala ya kukatwa. Mionzi ilijadiliwa kwa sababu ya kupenya neva, na akaikubali ili kupunguza uwezekano wa uvimbe kurudi palepale. Jeni ya BRAF ilipimwa kwa utaratibu na haikuwa na mabadiliko ya V600, kama inavyotarajiwa kwa aina hii. Kama siku moja ugonjwa utasambaa, jopo liliandika mapema kwenye faili kwamba dawa za kufungua kinga kwa kuzuia PD-1, breki ya seli za kinga, ndizo za kufikiriwa kwanza: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliohusisha wagonjwa 60 wenye melanoma ya desmoplasia iliyosambaa, asilimia 70 uvimbe wao uliitikia dawa hizo.

Kipande cha kwanza cha wembe kilitolewa kwenye ghala na kupakwa SOX10. Kwenye ukingo wake wa chini kabisa kulikuwa na viini vitano vilivyowaka, na kwenye ngozi ya juu melanosaiti zilizosongamana zilionekana tayari. Maabara iliongeza kwenye mwongozo wake kwamba "kovu" kwenye ngozi ya jua ya kichwa na shingo, pasipo historia ya kuumia au upasuaji mahali hapo, lisitolewe jibu kabla ya SOX10 kupakwa.